Jumatatu ya Kwanza

Hakuwa na diploma, hakuwa na msaidizi, hakuwa na kiti kisicholia kila akijigeuza, wala hakuwa na moyo wa kuambiwa amekosea. Alichokuwa nacho karani wa zahanati ni cheti cha masomo ya jioni, kilichotiwa fremu ukutani, na kompyuta kuukuu yenye skrini nyeusi, isiyofanya jambo mpaka iandikiwe amri. Watu walimwita Mzee Ratiba, naye alilipenda jina hilo.

Dawa za presha zilifika Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, na wagonjwa walikuwa wakisahau. Basi akaiandikia programu ya ratiba, cron, mstari mmoja: saa moja asubuhi, tarehe moja hadi saba, siku ya Jumatatu, watumie wagonjwa wote ujumbe, "Njoo leo uchukue dawa." Akausoma mara mbili. Kati ya tarehe hizo Jumatatu ni moja tu. Hapo mtu angekosea wapi?

Mwezi ulianza Jumatano. Siku hiyohiyo wagonjwa sitini wakajaa barazani, na dawa hakuna. Alhamisi wakaja tena.

"Mtandao wa simu umeharibika," alimwambia muuguzi, bila kumtazama.

Ijumaa ikaja barua ya mganga mkuu kutoka makao makuu: karani aeleze kwa maandishi, maelezo yarudi na gari la dawa. Yasiporidhisha, kompyuta itaondolewa na daftari litarudi. Mzee Ratiba akachapa kurasa mbili za kuulaumu mtandao, akazitia kwenye bahasha.

Jumatatu gari lilifika na maboksi. Baraza lilikuwa tupu. Alikuwepo dada yake mkubwa peke yake, amejishika magoti.

"Wenzako wako wapi, dada?"

"Wamechoka kuchezewa. Jumamosi mimi nimekuta kufuli mlangoni. Jumapili nimekuta kufuli lilelile. Leo nimekuja kukusuta, mdogo wangu, dawa baadaye."

"Ni mtandao, dada."

"Mtandao ndio ulioandika, au wewe?"

Mzee Ratiba akaingia ndani, akaandika amri ya kufungua mwongozo wa cron, ule aliojigamba kuwa ameumaliza. Mstari aliouruka ulikuwa pale pale: ukitaja tarehe na ukataja siku ya wiki, moja ikitimia inatosha, kazi inafanyika. Kumbe mashine ilikuwa imetii. Ingeendelea kuwaita hadi kesho, na kila Jumatatu baadaye.

Akafuta Jumatatu kwenye ratiba, akabakiza tarehe, kisha akaongeza sharti mwanzoni mwa amri: iulize kwanza kama leo ni Jumatatu, kama siyo, inyamaze. Akaijaribu kwa namba ya dada yake peke yake. Simu ikalia barazani.

"Safari hii imesema kweli," dada akasema.

Dereva wa gari la dawa akapiga honi. "Mzee, barua iko wapi? Nina zahanati tatu mbele."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

Alizichana kurasa mbili. Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono: "Kosa ni langu, si la mtandao. Nimelirekebisha. Leo nitawapigia wagonjwa simu mmoja mmoja na kuwaomba radhi. Naomba mashine ibaki." Akasaini jina lake kamili, bila vyeo. Bahasha ya kwanza ilikuwa imeshachanika, akatafuta nyingine, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akampa dereva dirishani.

Gari likaondoka. Akavuta simu na orodha ya majina sitini.