Pete Juu ya Ukungu

Mimi Yusta si mtu wa kununa, lakini nikinuna, nanuna kweli. Wiki tatu nzima sikumsemesha wifi yangu Perpetua, na sababu ni pete.

Kwa miaka kumi na mbili tumepeleka maziwa pamoja kila asubuhi, kila mtu na dumu lake, tukipita ukingoni mwa kilima hadi barabarani inaposubiri pikipiki ya kuyapeleka Mbulu mjini. Njia nzima tunawasengenya waume zetu. Siku hiyo bonde lilikuwa limejaa ukungu na jua limeshachomoza mgongoni kwetu. Nikatazama chini, nikaona kivuli changu kimelala juu ya ukungu, na kichwa kimezungukwa na pete yenye rangi zote za upinde wa mvua. Nikafuta macho. Pete bado ipo. Kivuli cha Perpetua kilikuwa pembeni, kichwa kitupu.

Jamani, nilifurahi! Mwaka mzima nimefagia kanisa bila kuambiwa hata asante, nikajua sasa Mungu ameona. Nikamweleza Perpetua. Naye akasema eti pete iko kwake, mimi ndiye sina. Nikamwambia atazame vizuri, akasema ameshatazama. Hapo nikapandwa na hasira. Tulipofika barabarani, mbele ya watu wote wa maziwa, nikamwita mwongo, tena mwongo wa kumwibia mwenzake baraka.

Perpetua tangu siku hiyo akawa anapita njia ya chini, ndefu, yenye tope. Mimi nikabaki na ukingo wangu na pete yangu. Ilirudi mara mbili, lakini pete haipigi stori. Nilimkosa wifi yangu mpaka nikajichukia, ila kuomba radhi sikutaka, maana nilikuwa na hakika na macho yangu.

Nimempangisha chumba Mwalimu Zubery, kijana wa Tabora anayefundisha fizikia sekondari. Nilimsimulia nikijua ataniunga mkono. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Asubuhi ukungu ulipotanda tena, akanisindikiza. Pale ukingoni nikamwonyesha pete yangu.

"Mama, kwako sioni kitu," akasema. "Iko kwangu."

Zubery, mtu wa msikitini! Nikataka kugomba, lakini akanieleza taratibu. Mwanga wa jua ukigonga matone ya ukungu, unarudi kulekule ulikotoka, kwa hiyo kila jicho linapata pete ya kichwa chake tu. Hata ng'ombe akisimama pale ataiona yake. Ya mwenzake hawezi kuiona, akodoe asikodoe.

Kumbe Perpetua alisema kweli tupu.

Nikateremka mbio mpaka njia ya chini, nikamkuta ana tope hadi kwenye vifundo. Nikamwambia apande juu na mimi, akakataa. Basi nikanyakua dumu lake nikaanza kupanda nalo, pamoja na langu. Ikabidi ayafuate maziwa yake, huku akinung'unika.

Tulipofika juu nilikuwa nahema. Nikayatua madumu yote mawili, nikasema.

"Wifi, ulisema kweli. Nilikuwa naona ya kwangu tu. Nisamehe."

Nikamshika bega nikamvuta, shavu kwa shavu, mpaka vivuli vya vichwa vyetu vikawa kimoja, na pete ikatuzunguka wote wawili. Nikamuuliza anaionaje. Akasema anaiona, imetuzunguka sote, na kwamba shavu langu linanuka maziwa yaliyolala. Nikacheka huku machozi yananitoka.

Nikadhani yamekwisha. Lakini Perpetua alichukua dumu lake, akajitwika kichwani, akanigeukia.

"Sasa ukaseme barabarani," akasema. "Mbele ya walewale."

Nikaenda nikasema. Nilisema mara mbili, kwa sababu mwenye pikipiki alikuwa hajazima injini.