Bagwa Katika Rejista

Mimi ni Ambilikile Mwalukasa, mwana wa Anyisile, mwana wa Ambrose. Babu yangu Ambrose alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, na hakuwahi kuitwa barazani isipokuwa kuamua. Baba yangu Anyisile alipima mipaka ya mashamba ya Ikolo kwa kamba ya katani, na mpaka aliouweka haukusogezwa na mtu. Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne, kisha ukoo ukanikabidhi ukatibu wa baraza lake. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolisimulia halikutendwa na mtu asiyelelewa.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nne, mvua ikiingia siku ya tatu. Maji ya mto yalikuwa yamejaa uani na kulifunika jiko la nje hadi kwenye mafiga, hivyo wanawake wawili waliokuwamo nyumbani walihamia sebuleni. Mmoja alikuwa Prisca, mjane wa mdogo wangu Aliko. Wa pili alikuwa Tusekile, mke wa mwanangu Gwamaka, ambaye hufundisha kompyuta Mbeya na alikuwa amekuja kutusalimu. Gwamaka mwenyewe alikuwa safarini ng'ambo ya mpaka, na simu hazikushika mtandao tangu Ijumaa. Nami nilikuwa katika chumba changu cha kazi, chenye dirisha moja la nondo na mlango mmoja wa pazia unaotokea sebuleni.

Watu wa huku wataitambua shida yangu, wengine niwaeleze. Kwa desturi yetu, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, wala mkwe halitamki jina la baba mkwe wake. Wengi wameiacha desturi hiyo. Nyumbani kwangu haijaachwa. Maadamu Tusekile alikuwa sebuleni, mimi nilikuwa nimefungiwa pasipo kufuli. Chai yangu ililetwa na Prisca, akiipitisha chini ya pazia kama mtu anayelisha mfungwa.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, shauri la Prisca lingesikilizwa mjini. Sylvester, mwana wa marehemu kaka yetu, alilidai shamba la kakao ambalo Prisca aliachiwa na mumewe. Miaka miwili kabla ya hapo, mbele ya baraza la ukoo, Sylvester huyo huyo alikiri kwa kinywa chake kwamba shamba ni la Prisca, akatia dole gumba. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu. Mafuriko ya mwaka uliopita yalilichukua daftari, lakini nilikuwa nimekwisha kuzipiga picha kurasa zake na kuzihifadhi katika kompyuta. Nakala nyingine haikuwako popote. Prisca alikuwa amekuja na flashi kuzichukua picha hizo, na bila picha zile angesimama mbele ya Sylvester mikono mitupu.

Nilipoiwasha mashine asubuhi ile, ilieleza kwamba diski imejaa. Ni mashine iliyokwisha kutumika, tuliyoinunua Mbugani katika duka la Salehe, na nilijua kwamba ndani yake mlikuwa na mabaki mengi. Niliziondoa faili za zamani za mfumo ambazo hazikuhitajika tena, nikafuta na programu mbili nisizozitumia. Nafasi ikapatikana. Lakini kila nilipoiwasha upya, mashine iliuliza ziko wapi programu zile, mara moja, mara mbili, kama mgonjwa anayemwita mtu aliyekwisha kuzikwa.

Chanzo nilikifahamu. Faili zilikuwa zimeondoka, lakini majina yake yalibaki katika rejista, ambayo ni orodha ya ndani ambamo kompyuta huandika kila programu na kila mtumiaji wake. Nikaamua kuisafisha rejista mwenyewe. Tusekile alipoiandaa mashine ile alibandika karatasi pembeni ya kioo, imeandikwa: "Rejista isiguswe kabla ya kutoa nakala yake." Sikupendezwa kuamriwa na karatasi isiyo na salamu. Niliibandua mapema, nikaifanya alama ya ukurasa katika kitabu changu cha nyimbo za kanisa.

Basi nikapalilia. Kila mstari wenye jina la Ambilikile niliuacha. Kila mstari wa programu zilizoondoka niliung'oa. Ndipo, mahali wanapoorodheshwa watumiaji, nikamkuta mtu anayeitwa Bagwa. Sikumfahamu. Nikasema moyoni kwamba huyu ndiye aliyeimiliki mashine kabla yangu, na haya ndiyo magugu yanayoijaza. Wakulima wa mpunga tunajua kwamba mpunga mwitu haujitambulishi hadi utoe masuke, na kwamba asiyejua husubiri. Sikusubiri. Nikamfuta Bagwa, nikaizima mashine, nikaiwasha.

Ilinisalimu kwa jina langu. Ikaipokea namba yangu ya siri. Kisha ikanionyesha kioo cha buluu kitupu. Makabrasha ya ukoo hayakuwapo. Picha hazikuwapo. Nikazima na kuwasha mara nne, na mara zote nne ilinikaribisha kama mgeni aliyefika leo.

"Shemeji," Prisca akaita kutoka sebuleni, "hiyo flashi umeipanda? Tungoje ichipue?"

"Subiri."

"Nasubiri. Hata maji yanasubiri, yameketi mlangoni hapa na mimi."

Umeme ukakatika. Betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia kwa vipindi, nami nilijua kwamba ina dakika ishirini, pengine pungufu. Nikatazama dirishani. Migomba miwili iliyong'oka ilikuwa inazunguka uani, ikigonga ukuta, ikirudi, ikigonga tena. Niliwaza kumwambia Prisca kwamba mashine imeharibiwa na umeme. Lingekuwa neno jepesi, na hakuna ambaye angelichunguza. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nilipokumbuka kamba ya katani ya baba yangu, nikakifunga.

"Prisca," nikasema, "mwulize mwenzako: mtu akisafisha rejista, kisha vitu vyake vyote vikatoweka, hufanyaje?"



"Mwenzangu amesikia, pazia si ukuta," Prisca akajibu. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Vitu vipi vimetoweka, shemeji?"

"Vyote."

"Na kidole cha Sylvester?"

"Nacho."

Nilimsikia akiketi. Kisha Tusekile akasema, taratibu, akiwa karibu zaidi na pazia kuliko nilivyodhani, na katika miaka tisa ya ndoa yake hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha pasipo mtu katikati.

"Baba, ulitoa nakala kwanza?"

"Sikutoa."

"Kuna jina lolote la mtumiaji ulilolifuta?"

"La mwenye mashine wa zamani. Mtu mmoja anaitwa Bagwa."

Betri ililia tena.

"Baba, Bagwa ni wewe."

Akanieleza. Siku alipoiandaa mashine, ilimtaka aandike jina la mtumiaji. Jina langu hawezi kulitamka, na hakuona kuwa ni adabu kuliandika. Akaandika Bagwa, kwa ufupi wa Baba Gwamaka. Baadaye Gwamaka alilibadilisha jina linaloonekana mashine inapowashwa, likawa Ambilikile, lakini ndani, katika rejista na katika folda ya kuhifadhia, mashine iliendelea kunijua kwa jina la kwanza. Nami, nikiwa nimeketi ndani ya heshima niliyoidai mwenyewe, nikaiita takataka na kuifuta.

"Kwa hiyo shemeji umejizika," akasema Prisca, "na matanga hujatuita."



"Zipo bado, baba," Tusekile akasema. "Umefuta njia, hukufuta nyumba. Usiiguse rejista tena sasa hivi. Kwanza tuokoe, kutengeneza baadaye. Fungua diski. Humo kuna folda ya watumiaji. Ndani yake utamwona."

Nikafungua. Nikamwona: Bagwa. Mashine ikauliza kama nina ruhusa ya kuingia.

"Iambie mashine iendelee," Tusekile akasema kabla sijamuuliza.

Kurasa zilikuwamo zote, na dole gumba la Sylvester jeusi chini ya jina lake. Nikachomeka flashi, nikaanza kunakili. Betri sasa ililia mfululizo. Ukanda wa kijani ulitambaa hadi nusu, ukasimama, ukatambaa tena. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, haina la kufanya. Ulipofika mwisho nikaichomoa flashi, na kioo kikafa kabla sijaifikisha kwenye pazia.

Prisca aliivingirisha katika mifuko miwili ya plastiki, akaifunga ndani ya kilemba chake. Akatoka akipapasa njia kwa fimbo, maji yakimfika kiunoni, hadi barabarani kwenye tuta. Nilimtazama kupitia nondo hadi alipopotea. Kesho yake Sylvester alionyeshwa kidole chake mwenyewe, akaomba muda wa kufikiri, kisha akaliondoa dai.

Umeme uliporudi Jumanne, nilimuuliza Tusekile, kupitia pazia, kama rejista ingeweza kupona.

"Nakala yake ipo, baba. Niliitoa siku ile ile nilipoiandaa mashine, nikaiweka kwenye flashi yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua karatasi haitadumu."

"Ndaga fijo," nikamwambia, nami si mwepesi wa kushukuru.

Aliirudisha siku hiyo hiyo, mimi nikiwa nimekwenda kutazama mpunga uliosalia. Gwamaka aliporejea alitaka alibadilishe jina la ndani nalo liwe Ambilikile. Nilimkataza. Bagwa atabaki.

Enyi wajukuu zangu, na vijana wote mtakaoyasoma haya: msiniambie kwamba mnaijua mashine kuliko mimi, maana nami nilidhani naijua. Kabla ya kung'oa, toeni nakala. Mkikuta jina msilolifahamu, ulizeni ni la nani, hata kama wa kumuuliza yuko nyuma ya pazia. Sisemi haya ili yapendeze masikioni. Yashikeni.