Mama Mutahi na Beseni la Maji

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, Ngendo hakungoja hata kusalimiana na watu mlangoni. Alishika njia ya kwake Wamagana mbio mbio, kitambaa cha kichwa kikimteleza, kama msichana aliyeahidiwa viatu vipya. Mwanawe wa kwanza alikuwa anatimiza miaka arobaini, na saa nane angefika kutoka Kiganjo, anakouza mbao, ili mama yake amwagie maji.

Kumwagiana maji siku ya kuzaliwa ni mambo ya vijana wa siku hizi. Mtu huloweshwa chapachapa, watu wanacheka, ndipo keki inakatwa. Ngendo aliupenda mchezo huo kuliko vijana wenyewe. Kim, kitinda mimba wake, alimwagiwa kila mwaka bila kukosa. Lakini kifungua mimba, Ngendo hakuwahi kumrushia hata tone.

Sababu ilikuwa jina. Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba ya baba yake, na mke mwenye adabu halitamki jina la baba mkwe. Mtoto alipozaliwa, mzee Mutahi alikuja na mkongojo wake, akamchungulia ndani ya shuka, akasema, "Huyu ni mimi. Ukimchapa, umenichapa."

Mzee hakuwa mtu wa mzaha. Tangu siku hiyo Ngendo akamwita mtoto Baba. Alimnyonyesha akimwita Baba, akampeleka shule akimwita Baba. Kijiji kizima kilimwita yeye Mama Mutahi, naye peke yake ndiye hakuwahi kulitia jina hilo kinywani. Siku kijana alipomwacha ng'ombe akamaliza kabichi za jirani, Ngendo aliinua fimbo, mara akasikia mtu akikohoa nyuma ya ua. Fimbo ikashuka polepole, akaitumia kuonyesha mahali ng'ombe alipopitia.

Mzee alikufa zamani, lakini adabu haikuzikwa naye. Wadogo zake Mutahi walikua wakitaniwa, wakikemewa, wakifukuzwa kuzunguka nyumba mpaka mama na watoto wote waanguke kwa kicheko. Mutahi alikua akiheshimiwa. Alipewa kiti kabla miguu yake haijafika chini. Wakati mwingine Ngendo alimwona pale kitini, kadogo, kimya, akiwatazama wenzake, na moyo ukamchoma. Hakujua la kufanya.

Wiki moja kabla, mkaza mwana wake Anita alikuwa amepiga simu.

"Mami, huyu bwana yangu amekataa keki, amekataa suti. Nimemuuliza basi anataka nini. Ati anataka wewe ndio umwagie maji. Na umuite jina."

"Jina gani?"

"Jina yake, Mami! Anasema kama hajaitwa na mama yake mpaka arobaini, ataitwa lini?"

Tangu hapo Ngendo hakutulia. Furaha ilimpeleka huku, hofu ikamrudisha kule. Alijaribu kulisema jina akiwa peke yake, akikamua ng'ombe. Likafika kwenye meno, likarudi.

Sasa aliingia jikoni, akakuta Kim amekwisha kuchota maji kwenye tangi. Ngendo akatia kidole, akakitoa haraka. Baridi ya Julai ilikuwa imeingia humo ikalala. Akamimina maji yote kwenye sufuria, akaweka motoni.

"Mathe! Maji ya bathdei haipashwi moto!"

"Wewe nilikumwagia ya baridi kwa sababu ngozi yako ni ya ng'ombe. Leta kuni."

Jirani yake Gladwell, ambaye waliolewa mwaka mmoja, alikuwa tayari ameketi karibu na pilau.

"Kwa hivyo, Mama Mutahi, leo unaogesha baba mkwe wako? Akina mama wa kanisa wakisikia watakutoa."

"Wacha wanitoe. Nitakukuta huko nje, si wewe walikutoa kwanza?"

Gladwell alicheka mpaka akashika mbavu. Ngendo akamimina yale maji, sasa ya uvuguvugu, kwenye beseni.

Mutahi alifika saa nane kamili. Hakujifanya hajui. Alivua koti, akampa Anita, akaketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, akimpa mama yake mgongo. Watoto wao watatu wakakaribia. Ngendo akasogea na beseni, akasimama nyuma yake.

"Baba..." Lilitoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka arobaini.

Mutahi hakugeuka. "Huyo hayuko hapa, Mami," akasema taratibu. "Ni mimi niko."

Ngendo akaitazama ile shingo. Nyuma ya sikio palikuwa na mvi mbili tatu. Mikono ilikuwa katikati ya magoti, na mtu mzima yule ametulia mno, kama mtoto aliyezoea kungoja zamu isiyofika. Kitu kikapanda kifuani mwa Ngendo, kikaisukuma ile hofu pembeni kama mlango.

"Mutahi!"

Sauti ilivuka ua ikafika kwa majirani, na maji yakaifuata. Mutahi aliruka akapiga ukelele, Anita akapiga vigelegele, watoto wakapiga makofi. Ngendo mwenyewe hakuwa tayari kunyamaza. Jina lilikuwa limepata njia.

"Mutahi! Mutahi wewe! Unacheka nini? Umebaki na shati moja, baridi hii yote, mtu wa miaka arobaini? Nani atakutibu homa? Mutahi, nasema na wewe! Ingia ndani ubadilishe nguo, saa hii!"

"Ndiyo, Mami!"

Na yule mwenye duka la mbao, baba wa watoto watatu, akatimua mbio kuelekea ndani ya nyumba, maji yakimchuruzika, meno yote nje.

"Na uvue viatu mlangoni, Mutahi!"