Shahidi wa Pili

Leseni ya mume wangu Bakhit ilibaki ndani ya gari ya tajiri wake. Alikuwa na mtindo wa kuichomeka juu, kwenye kibao cha kukingia jua, pamoja na kitana na picha ya binti yetu Nasriya. Siku ile ya Januari 1964 gari ilipochukuliwa mlangoni, Unguja, ilikwenda na vyote vilivyokuwemo. Bakhit alisimama barazani na ndoo ya maji mkononi, maana alikuwa anataka kuosha vioo. Vioo vyenyewe vimeshakwenda.

Tulipofika Maskati hatukuiwaza leseni. Magari yalikuwa ya kuhesabu, na kuendesha kulitaka ruhusa ambayo watu kama sisi hatukuthubutu hata kuiomba. Bakhit akawa hamali bandarini Matrah. Miaka sita alibeba magunia ya mchele, akirudi nyumbani Darsait shingo haigeuki. Nilikuwa nikimkanda kwa mafuta ya nazi niliyoyachemsha na karafuu, naye akinifanyia mzaha: "Anza upande wa usukani, Masouda."

Mwaka 1970 mambo yakafunguka. Kampuni moja iliyokuwa ikichonga barabara ikatafuta madereva wa lori. Msimamizi alimpa Bakhit lori limejaa kokoto, akamwona analirudisha kinyumenyume kwenye njia ya jabali bila ya kugusa jiwe. Akamwambia, "Kazi yako ipo. Niletee leseni kabla ya Ramadhani kuandama, ikipita hapo nampa mwengine." Siku ile Bakhit alirudi, akala wali kwa moyo mkunjufu, akaomba na ukoko.

Karani wa leseni alikuwa Thabit, kijana wa kwetu, mzaliwa wa Malindi, nguo zake zimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Ami Bakhit," alisema, "uendeshaji wako sina shaka nao. Lakini kanuni inataka khabari za kule ulikotoka. Aliyewahi kumuumiza mtu kwa gari hapewi. Unguja tumeandika mara mbili, hawajibu, na nadhani hawatojibu. Basi niletee mashahidi wawili waliokujua kule, mmoja awe mtu uliyekuwa ukimwendesha. Waape mbele yangu kwamba hujaumiza mtu, nami nitakuandikia siku hiyohiyo."

Siku ileile, baada ya sala ya laasiri tu, tukakaa na Marhoon, fundi wa magari aliyekuwa jirani yetu tangu Unguja. Nikawatilia kahawa.

"Mie wa kwanza," alisema Marhoon. "Nitaapa kwamba huyu ukimpa punda atauliza gia iko wapi."

"Punda breki zake mbovu," akajibu Bakhit.

"Wa pili mchukueni Mahfoudh wa dukani. Ulimpeleka arusini kwake, akalala njia nzima kwa raha. Ataapa hata kabla hajaulizwa."

Mimi nikaingia kati. "Mahfoudh muuza vitunguu? Mtu ameendesha gari ya nyumba ya Bi Shaikha kule Unguja miaka kumi na tisa, shahidi wake awe Mahfoudh? Watu watasema Bi Shaikha kamkataa."

Bakhit akatazama ndani ya kikombe. "Masouda, Bi Shaikha muache apumzike."

"Kwa nini?"

"Muache tu."

Nilijua kwa nini. Mwaka 1961, Aflah, mtoto wa kiume pekee wa Bi Shaikha, alichukua gari mchana bila ya kuaga, akamgonga hamali mmoja aliyekuwa akisukuma rikwama la magunia. Hamali yule alivunjika mguu pahala pawili. Aflah alikuwa na wiki tatu tu kabla ya kusafiri kwenda Misri kusoma, na mwenye kesi hapewi pasi. Bi Shaikha alikuja kwangu chumbani, yeye mwenyewe, na viatu akavivua mlangoni. Akanishika kidevu kama anavyoomba mtu aliyefika mwisho, akasema, "Masouda, sema na mumeo alibebe yeye. Bakhit ni mtoto wa nyumba hii. Dereva hufungwa akatoka, akaendelea na kazi yake. Mwanangu akifungwa hana tena maisha." Sijapata kushikwa kidevu na bibi mkubwa kama yule. Nilimsema mume wangu usiku kucha mpaka akakubali. Akakiri kwa hakimu, akakaa jela miezi mitatu, Aflah akapanda meli. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili ni hili. Nilifikiri, nani bora wa kuapa kuliko yeye? Anaambiwa aape kwamba Bakhit hajaumiza mtu, na hiyo ni kweli tupu, na anayeijua kweli hiyo kushinda watu wote ni yeye. Sikumsikiliza Bakhit. Nikajifunga buibui langu nikaenda.

Bi Shaikha alikuwa akikaa kwa mwanawe. Aflah alikuwa amerudi na masomo yake, amepata kazi serikalini, nyumba ina feni mbili. Bibi alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye zulia si kwenye mkeka, akanipa halwa kwa mkono wake.

"Kumshuhudia Bakhit?" alisema. "Wewe hata kuniuliza! Bakhit si mwanangu? Aflah atanipeleka mwenyewe."

Hapo ndipo ningesema. Maneno nilikuwa nayo ulimini: Bibi, unalikumbuka lile la rikwama. Lakini kwetu mtu akishamtendea mwenzake wema hautaji tena. Ukiutaja umesimbulia, na anayesimbulia ni kama aliyeutapika wema wake mbele ya watu. Mama yangu alinilea hivyo. Na kumsimbulia Bi Shaikha, ndani ya nyumba yake, halwa yake iko mkononi mwangu? Nikaimeza halwa na maneno nikayameza. Nikasema, "Mungu akuweke, bibi."

Jumatatu tukakusanyika ofisini. Chumba kidogo, meza moja, mashine ya chapa imefunikwa kitambaa cha maua. Marhoon akaapa kwanza, mkono juu ya msahafu.

"Unamjua Bakhit tangu lini?" Thabit akauliza.

"Tangu ana nywele."

"Ami Marhoon, tuko kwenye kiapo."

"Haya. Tangu mwaka arubaini na tano. Na wallahi hajapata kumuumiza mtu kwa gari. Gari ya nyumba ile nikiitengeneza mimi, kila mkwaruzo wake naujua na mwenyewe namjua." Alisema hivyo akiangalia dirishani, maana nje gari nyeupe ya Aflah ilikuwa imesimama.

Bi Shaikha akaingia akimshikilia Aflah. Aflah alikuwa amevaa kanzu mpya na kilemba kizuri, funguo za gari zinazunguka kidoleni. Akamwamkia Bakhit, "Shikamoo, ami." Bakhit akaitikia. Bibi akapewa kiti, akauweka mkono juu ya msahafu bila ya kuambiwa.

"Bibi, Bakhit alikuendesheni miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Mtu mwema. Mwaminifu. Hajapata kunijibu vibaya."

"Amewahi kumuumiza mtu kwa gari?"

Nilikuwa nimeshaanza kushukuru kimoyomoyo. Bi Shaikha akashusha pumzi, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Niko juu ya kitabu cha Mungu, siwezi kuficha," alisema. "Mara moja tu. Alimgonga hamali wa rikwama, maskini, akamvunja mguu. Alifungwa. Lakini sisi tulimsamehe. Alipotoka tukamrejesha kazini, wala hatukumtajia tena. Nawe msamehe, mwanangu, mpe leseni yake."

Thabit akaiweka kalamu chini.

Nilimtazama usoni yule mama. Nilikuwa natafuta uongo nimkamate nao, na uongo haukuwepo. Machozi yalikuwa ya kweli. Miaka tisa alikuwa amewasimulia wageni vile walivyokubaliana kusimulia, kila mara akiongeza kidogo huruma yake, mpaka mwenyewe akaingia ndani ya hadithi ile akakaa. Alikuja pale kutuombea. Kwa nia yake alikuwa anatufadhili.

Thabit akageuka. "Ami Bakhit, ni kweli?"

Bakhit hakumtazama karani wala bibi. Alimtazama Aflah. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama dereva anavyomtazama mwenye gari mlangoni, akingojea kuambiwa wanakwenda wapi. Zile funguo zikaacha kuzunguka. Chumba kizima kilikuwa kinamngojea kijana yule, na yeye akawa anaisoma karatasi ya ukutani iliyoandikwa saa za kazi.

"Nilikiri mbele ya hakimu," Bakhit akasema mwisho. "Neno langu ni lile lile."

"Si yeye!" nikasema mimi.

"Nani basi, Bi Masouda?" Thabit akauliza, na kalamu akaichukua tena. Alikuwa anataka kuandika, Mungu shahidi. Ningempa jina angeliandika.

Bakhit akanambia polepole, "Masouda. Mkono wa bibi uko juu ya msahafu."

Basi nikafahamu. Nikitaja jina, nimemfanya mama mtu mzima ameapa uongo mbele ya mwanawe, naye hajui kama ni uongo. Bi Shaikha alikuwa ananitazama kwa mshangao wa kweli, midomo wazi.

Aflah akakohoa. "Bi Masouda ana machungu," akamwambia Thabit. "Mumstahimilie. Kazi ya bandarini nzito kwa umri wa ami." Kisha akasema kwa Kiarabu jambo la kanuni na jinsi ilivyo lazima ifuatwe kwa wote, Thabit akaitikia kwa kichwa, uso umemsawijika.

Leseni haikuandikwa. Marhoon alitoka akitema mate njia nzima.

Nje Bi Shaikha akatuita kutoka dirishani kwa gari. "Ingieni, Aflah atawafikisheni! Jua kali!"

"Tunapita sokoni, bibi," nikasema.

Aflah akawasha, akatia gia, gia ikalia kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Akajaribu tena, ikalia tena. Bakhit alikuwa ameshawapa mgongo. Bila ya kugeuka akasema, kwa sauti ya kawaida, kama vile wako bado wawili kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja akimfundisha:

"Kanyaga klachi mpaka chini, bwana. Mpaka chini kabisa."

Gari ikaondoka vizuri.

Jumamosi lori lile akapewa mtu mwengine. Bakhit alikunja kitambaa chake cha kichwani, akakipima kwa kiganja kama kawaida yake, akaenda Matrah. Sijamsikia akinilaumu, si siku ile wala nyengine. Afadhali angenilaumu. Jioni nilipomkanda nilingojea ule mzaha wa usukani, haukuja, wala haukurudi tena.

Mwezi ulipoandama Bi Shaikha akatuletea sahani ya vitumbua, ile ya kaure yenye ukingo wa buluu, aliyotoka nayo Unguja. Bakhit alifuturu viwili akasema vitamu. Kwetu sahani ya mtu hairejeshwi tupu. Hata ukiwa huna kitu unatia ndimu mbili, au chumvi, au majani ya mchaichai. Maisha yangu yote sijapata kurejesha sahani tupu, hata mwaka ule wa kwanza wa Maskati tulipokuwa tunakunywa uji bila ya sukari.

Ile niliiosha kwa majivu, nikaisuuza mara tatu, nikaifuta mpaka ikawaka. Nikaenda nayo mikono miwili, tupu, nikamkabidhi mwenyewe mkononi. Nikasimama pale mlangoni nikimngojea aitazame.

Akaigeuza juu na chini kwenye mwanga.

"Ahsante, Masouda," akasema. "Umeiosha vizuri."