Nyasi za Kibeta

Siku tuliyomzika baba, nyumba ilinuka nyasi mbichi. Kwetu Muleba sakafu ya nyumba hutandikwa nyasi, na wakati wa msiba hutandikwa upya ili waombolezaji wapate pa kukaa na kulala. Nilikaa juu yake siku zote za matanga. Harufu ile ilikuwa inanirudisha Bukoba, masika ya mwaka 1971, siku ambayo baba alipaswa kuchagua mahali pa kulala. Naandika nisije nikasahau.

Dada yangu Klaudia alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza alizifikisha hadi mwisho, na mara zote mbili uchungu ulimshika nyumbani, watoto wakafia njiani, yeye akiwa kwenye machela. Safari hii mkunga wa zahanati alimwambia baba waziwazi, "Mzee Ildefons, huyu asingojee uchungu kijijini. Mpeleke Bukoba, alale mahali ambapo hospitali inaonekana dirishani." Mume wake alikuwa kisiwani Goziba kwenye uvuvi, na mama yetu alikwisha kufariki. Tukaondoka watatu: baba, Klaudia na mimi, niliyekuwa nyumbani kwa likizo ya kidato cha pili.

Basi lilikwenda taa zikiwaka njia nzima ingawa ilikuwa mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na Bukoba tuliifikia bila kuiona. Hospitalini walimpima Klaudia wakasema vitanda vimejaa, turudi uchungu ukianza, ila tusiende mbali.

Mjini baba alikuwa na mtu mmoja tu wa kumfikia, Mzee Kagaruki wa Kibeta. Walikula mukago, undugu wa kuchanjiana damu, ujanani, kabla ya Uhuru, walipokuwa wakibeba magunia ya kahawa pamoja. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, damu ikapakwa kwenye punje ya kahawa, na kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Ukifika alipo, hulali kwa mtu mwingine. Ukimdharau, punje uliyoimeza itavimba tumboni, mwako au mwa mtoto wako. Padri alikuwa akiyakemea mambo hayo kanisani, na baba alikuwa akiitikia "Amina" kwa sauti, lakini hakuna aliyewahi kumwona akimkosea Kagaruki.

Nyumba ya Kagaruki ilikuwa kilimani, ng'ambo ya mto. Kwa mvua ile maji yalikuwa yamefika kwenye mbao za daraja, na barabara ya kupanda ilikuwa utelezi mtupu.

Baba alisimama barabarani akitazama upande wa Kibeta, ambako hakukuonekana kitu. Kisha akageuka, akaingia kwenye nyumba ya wageni iliyotazamana na lango la hospitali. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Alistidia, mwanamke mnene mwenye funguo shingoni.

"Karibuni, ndugu. Kuna chumba kimoja. Mvua haiingii, ila ikija kutoka upande wa ziwa."

"Na leo inatoka wapi?" baba akauliza.

"Upande wa ziwa."

Klaudia alikuwa bado mlangoni. "Tata," alimwita baba kwa Kihaya, "hapa ni wapi?"

"Hapa ni karibu."

"Na Kibeta?"

"Kibeta ni mbali."

"Tata, unajua ulichomeza."

"Nakijua, maana nilikimeza mimi. Ingia ukae."

Aliingia, lakini hakukaa. Alishika chuma cha dirisha akawa anatazama nje. Lango la hospitali lilikuwa likionekana, kisha ukungu unalifuta, kisha linarudi.

Hatukujua kwamba Philbert, mwana mkubwa wa Kagaruki, alituona tukishuka basini akakimbia kupeleka habari nyumbani. Alasiri alifika, matope hadi magotini. Alisimama kwenye kizingiti, akakataa kuingia.

"Shikamoo, Tata Ildefons. Baba anauliza kama umepotea kwa ukungu."

"Marahaba, mwanangu. Sikupotea."

"Mama amekwisha kumenya ndizi. Jogoo amechinjwa."

"Mwambie baba yako leo nalala hapa. Ni kwa sababu ya huyu." Baba alimwonyesha Klaudia kwa kidevu.

Philbert alimtazama Alistidia aliyekuwa akisikiliza ukumbini, akashusha sauti. "Nikamwambie kwamba umefika Bukoba ukalala kwa watu baki? Kwa mdomo huu? Tafuta mtu mwingine wa kumtuma."

"Nimekutuma wewe."

"Atauliza amekukosea nini."

"Mwambie hajanikosea."

"Basi wewe ndiye unayemkosea," alisema Philbert, akaondoka bila kuaga.

Baba alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wake juu ya tumbo. Sijui kama mwenyewe alijua ameuweka pale. Klaudia aliuona.

Muda mfupi baadaye maumivu ya kwanza yalimshika. Aliinama akiwa ameng'ang'ania chuma cha dirisha, na yalipopita akajifunga kitenge upya, akavaa viatu.

"Nakwenda Kibeta."

"Unakwenda hospitali," baba alisema.

"Nitalala kwanza kwa mukago wako, hata nikae tu kidogo. Wawili wamekufa, Tata. Unataka na huyu afe kwa ajili ya punje yako?"

"Wale wawili waliuawa na njia. Njia, Klaudia! Machela niliishika mimi."

"Ndivyo unavyosema wewe."

"Ndivyo ninavyosema."

"Nipishe."

"Sikupishi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameibana kwenye miimo. Sikuwahi kumwona akimzuia mtoto wake namna ile. Alistidia alichungulia juu ya bega lake.

"Mama, ukienda utazalia darajani. Mie nimezaa sita, na hakuna hata mmoja aliyenisubiri nimalize mambo ya adabu."

"Wewe hujui mambo yetu," Klaudia alimjibu.

"Mimi ni Mhaya kama wewe. Nayajua ndiyo maana naogopa."

Baba alipandisha shati lake. Kovu lilikuwa pale karibu na kitovu, dogo, kama alama ya ndui.

"Kama kuna tumbo la kuvimba, ni hili," alisema. "Nimemwomba Mungu hivyo tangu tuliposhuka basini. Sasa twende hospitali."

Klaudia alitikisa kichwa. Maumivu ya pili yalikuja yakamkalisha sakafuni kwenye saruji, na hata hapo alikataa kuguswa. "Siendi na laana tumboni," alisema. "Sitamsukuma akafe."

Ndipo niliposikia mbwa wa barabarani wakibweka. Nilitazama nje. Kutoka kwenye ukungu kilikuja kitu kipana, kisicho na kichwa, kikitembea kwa miguu ya mtu. Kiliposogea niliona panga mkononi.

"Tata," nikasema. "Ni yeye."

Baba alitoka hadi kwenye ngazi. "Kagaruki. Yaseme hapa nje. Mwanangu ana uchungu."

"Nipishe," alisema Kagaruki.

Baba akasogea.

Kagaruki aliingia chumbani akitweta, akatupa mzigo chini. Ulikuwa mganda mkubwa wa nyasi, umelowa, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Aliikata kamba kwa panga, akapiga magoti, akaanza kutandika, tangu mlangoni hadi kitandani, akizunguka miguu ya Klaudia kwa uangalifu. Kazi hiyo kwetu ni ya wanawake. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nilikuja na maneno, Ildefons," alisema bila kuinua macho. "Tangu nyumbani nilikuwa nayapanga. Nilitaka nikutukane mbele ya mji mzima. Nikafika darajani, nikaona maji. Nikajiuliza, machela ingepita wapi hapa? Nikarudi kukata nyasi zangu. Wanawake wa Kibeta wamenicheka mpaka wamechoka."

"Utanichafulia saruji yangu, mzee," Alistidia alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Utafagia kesho. Leo hapa ni kwangu."

Alitoa mfukoni kifurushi cha jani la mgomba, akakifungua. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile ya kumpa mgeni anapofika. Alimpa baba. Punje moja ilimwanguka baba, akaiokota kwenye nyasi akaila. Kisha Kagaruki akamgeukia dada yangu.

Klaudia alikuwa amevua viatu. Aliweka nyayo zake juu ya nyasi, akazikanyaga taratibu.

"Hapa ni Kibeta?" akauliza.

"Ni Kibeta, mwanangu. Umefika."

Alitafuna punje moja. Maumivu yakaja, na safari hii alishika bega la Kagaruki mpaka yakapita. Kisha akasema, "Nipelekeni."

Tulimketisha kwenye kiti cha Alistidia. Wazee wawili walikibeba, Alistidia akatangulia akipiga kelele magari yasimame, ingawa hapakuwa na gari, na mimi nikafuata na kanga na viatu vyake. Lango tulilifikia kabla ya kuliona.

Tulingoja nje, chini ya baraza. Kila mlango ulipofunguliwa baba alisimama, akakaa tena. Mwishowe muuguzi alitoka akifuta mikono. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, alisema. Wangekawia kidogo tu, wangepotea wote wawili. Ni mvulana. Mama yake ameomba uji.

Baba aliteremka taratibu akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto. Kagaruki alikaa kando yake, akamwekea kiganja tumboni.

"Limevimba?"

"Njaa tu," baba alisema. "Yule jogoo yuko wapi?"

Walicheka mpaka muuguzi akawafukuza.

Mtoto aliitwa Karugendo, kama wanavyoitwa kwetu wanaozaliwa safarini. Mzee Kagaruki alitangulia kufariki, na baba alikwenda Kibeta akalala kwenye nyasi mpaka matanga yalipoisha.

Baba alipofariki, Philbert alikuja kwa basi, mvi kichwa kizima. Juu ya basi alikuwa na mganda wa nyasi, ingawa vilima vyetu vimejaa nyasi. Karugendo ndiye aliyepanda kuuteremsha. Philbert aliupokea, hakumwachia mtu mwingine. Aliingia nao ndani, akapiga magoti mbele ya wanawake wote waliokuwa wakilia, akaanza kutandika kuanzia mlangoni.

Wengine walinong'ona. Mimi nilisogea kumpisha, na alipomaliza nikalala hapo.