Kambare Aliyefungwa Mdomo

Kichwa kikavu cha samaki kililia nilipokishika. Kililia ka-ka-ka, kama maharagwe ndani ya ganda kavu, na mama akatoka jikoni mbio akanikataza kukigusa.

Dereva wa lori ndiye aliyekileta. Yeye alikuwa amepewa na watu wa mashua kule Kisangani. "Walisema tu: iko ya Gentille, muuzisha samaki wa Walikale," aliniambia, kisha akawasha gari.

Nimeuza kambare wa mto Lowa tangu ujana wangu, na huyu hakuwa wetu. Wetu ana sharubu nane; huyu alikuwa na sita, na utosini ngao ya mfupa yenye chembechembe. Lakini kilichonitisha ni kamba ya mgomba iliyomfunga mdomo. Nyumbani kwetu mvuvi hufunga hivyo kichwa cha samaki na kumpelekea yule aliyempikia chakula cha safari, na ni huyo peke yake anayefungua. Sijaona jirani mwenye desturi hiyo. Mvuvi wetu alikuwa mmoja tu, kaka yangu Magloire. Alishuka na mto wakati wa vita, hakurudi. Tulingoja mpaka tukachoka, tukazika shina la mgomba mahali pa mwili wake, tukasimika msalaba. Chakula chake cha mwisho nilikipika mimi.

"Muntu tulisha kuzika, hatumuite tena," mama alisema. "Ukifungua, ule wa mu kaburi njo ataingia."

Nikakitundika juu ya moto. Hapakuwa na upepo, lakini kilikuwa kinalia. Niliogopa, sikatai. Nilizoea kulala jikoni; sasa nikaanza kulala nje ya jiko langu mwenyewe.

Mwishowe nilimwita Papa Edmond, jirani aliyewahi kuwa mpishi wa meli huko Muanda, pwani. Alikigeuza mara moja tu.

"Hii haiko ya kwetu, dada. Iko ya bahari, pale mto inaingia mu chumvi. Dume njo inabeba mayai mu kinywa, haikule kitu mpaka batoto batoke."

"Na kulia?"

"Iko na mawe mu masikio." Akakitikisa, akakunja uso. "Lakini humu muko kitu ingine."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Nikafungua kamba. Kiganjani mwangu likaanguka jino la mtoto, dogo, jeupe, la utotoni.

Kwetu jino la kwanza kung'oka hutupwa juu ya paa la mama mzaa baba.

Mama alilichukua, akatoka uani, akalirusha. Tulilisikia likiviringika juu ya mabati mpaka likatulia. Alibaki ameangalia juu, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Gentille," alisema, "leta jembe. Tuende tung'oe ule musalaba."