Mwanamke wa Mwaloni

Miaka arobaini Emmota alisikiliza Misa akiwa wima, kama wanakijiji wenzake, na magoti yalipoanza kulia akahamia kwenye kibaraza cha mawe kule ukutani, penye baridi, pamoja na wagonjwa. Sasa kanisa lilikuwa linawekewa mabenchi ya mwaloni, na moyo wake ulikuwa kwenye lile la kando ya nguzo, mkabala na dirisha la kusini, ambako jua la asubuhi huingia na rangi zote za vioo.

Fundi wa mabenchi hayo alikuwa Wymond, ndugu wa marehemu mumewe. Jumamosi Emmota akaenda kuchungulia, na kikapu cha mayai ya kumpa. Kwenye ubao wa pembeni wa benchi lile lile akamkuta mwanamke aliyechongwa mdomo wazi, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande, na begani kwake shetani mdogo akiandika kwa kalamu kila neno la soga anazopiga wakati wa Misa. Jino la mbele hana. Emmota akapitisha ulimi kwenye pengo lake.

"Shemeji, mfute huyu."

"Yupi?" Wymond akapuliza vumbi la mbao.

"Huyu asiye na jino."

"Nusu ya wanawake wa hapa hawana jino. Wewe ndiye wa kwanza kuja kudai." Akajikuna shingo kwa mpini wa patasi. "Nikimkwangua, kesho watauliza alikuwa nani. Na wewe, shemeji, siri huimwaga kabla hujafika kisimani."

Emmota akaondoka kanuna, mayai yake mkononi.

Jumapili alifika kabla ya kengele na kikapu chake cha mayai, akakaa mwisho kabisa wa benchi na kutandaza joho lake juu ya yule mwanamke. Sabina, mke wa mwenye kinu cha nafaka, aliyezoea kukaa mahali pazuri kila aendapo, akaja akasimama, akakohoa kidogo. Emmota hakusogea, angesogeaje?

Ndipo akahisi nyayo zake zimetua sakafuni, zote mbili, na yeye ni mfupi ambaye kila kiti humning'iniza miguu. Akatupa jicho nyuma. Kikalio cha benchi lake kilikuwa chini kuliko vya mengine kwa vidole vinne.

Wymond akapita, akainama. "Umekaa vizuri, shemeji?"

Emmota alikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini padri alishaanza, na chini ya joho kulikuwa na kalamu ya yule shetani mdogo inangoja. Akafumba mdomo, akachomoa yai kikapuni, akamtia kiganjani.